Nyongeza ya Kulipia

Kwa muda wote niliokuwa afisa vipimo, mke wangu hakuruhusiwa kupokea nyongeza sokoni. Amri hiyo niliitoa mwenyewe mara tulipohamia Shinyanga mjini, na sikuitengua hadi nilipostaafu. Mama muuza nyanya akishakupa fungu lako na ukalipa, huchukua nyanya moja au mbili akaziweka juu ya fungu. Wakati mwingine huombwa, wakati mwingine hutoa bila kuombwa. Hiyo ndiyo nyongeza. Haimo katika bei wala katika kipimo. Ni namna ya muuzaji kukuambia kwamba amekuona na angependa urudi. Kuikataa ni kumtangazia mbele ya wenzake kwamba hutaki ujirani wake. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikigonga mhuri kwenye mizani za soko lile, na niliamini kwamba mkaguzi anayekula nyanya za bure hatachelewa kupoteza uwezo wa kuona jiwe la mizani lililotobolewa kwa chini. Kwa hiyo mke wangu alirudisha nyanya. Wapo wanawake waliokaa miaka mingi bila kumsalimu vizuri kwa sababu hiyo, naye alinilipizia nyumbani kwa kuniita Bwana Vipimo, hata mbele ya wageni.

Naanza na jambo hili kwa sababu bila hilo nitaonekana mzee aliyegombana na kompyuta. Sikugombana na kompyuta. Niligombana na neno, na ugomvi ule umenigharimu kitu ambacho sikukijua thamani yake wakati nilipokuwa nacho.

Baada ya kustaafu tulihamia Tinde, kwenye nyumba tuliyoijenga polepole kwa miaka mingi. Inatazama barabara kuu, mahali ambapo malori yatokayo bandarini hupunguza mwendo kabla ya kuendelea kuelekea Kahama na mipakani. Mwaka wa kwanza nilikaa barazani nikiyatazama, na tabia ya kazi haikuniacha. Lori likipita, nilisema kwa sauti kama limezidisha mzigo ama la, kwa kuangalia springi na jinsi matairi yalivyokaa. Mke wangu alivumilia siku za mwanzo, kisha akahamishia kiti chake uani.

Binti yetu wa mwisho alipokuja likizo alinisikiliza tangu asubuhi hadi alasiri, halafu akaniambia kwa upole kwamba mizani ya barabarani ina wenyewe na wanalipwa mshahara. Binti huyu ana jina la mama yangu, na kwa sababu hiyo nimemwita mayu tangu akiwa mchanga, kama Msukuma anavyomwita mama yake. Ni dereva mgodini, upande wa Geita. Anaendesha malori yale ambayo dereva hupanda ngazi kuingia chumbani mwake na tairi moja linampita mtu kwa urefu. Wakati ule alikuwa na nyumba ya kupanga mjini Geita, na siku zake za mapumziko alizimaliza humo akiendesha lori jingine, la kwenye gemu, kwa usukani mdogo alioufunga ukingoni mwa meza. Nilipolisikia hilo nilidhani ananitania.

"Unaendesha lori kutwa," nilimuuliza, "halafu ukipumzika unaendesha lori tena?"

"Lile la kazini haliendi popote, baba. Linashuka shimoni, linapanda. Linashuka, linapanda. Hili linafika."

Alipokuja likizo iliyofuata aliniletea kompyuta iliyotumika, usukani kama wake, na ile gemu yenyewe, iliyonunuliwa kihalali katika duka moja la mjini Shinyanga. Risiti alinipa, kwa kuwa ananijua. Alisema kama ni lazima nishughulike na malori, basi nishughulike na haya, ambayo madereva wake hawanisikii.

Nilijifunza kwa taabu. Niligonga nguzo, nikaangusha mizigo, nikatozwa faini kwa kupita kwenye taa nyekundu, na faini zile nilizikubali bila kinyongo kwa sababu zilikuwa halali. Nchi zilizomo katika gemu ile ni za Ulaya, ambako sijawahi kukanyaga, na barabara zake hazina matuta. Baada ya muda nilikuwa dereva wa kuridhisha. Hapo ndipo binti yangu aliponifundisha kusafiri kwa msafara: yeye akiwa Geita na mimi Tinde, kila mmoja kwenye mashine yake, malori yetu yanafuatana katika barabara moja na tunazungumza kwa vifaa vya masikioni. Tulifanya hivyo jioni, siku zake za mapumziko, kuanzia saa kumi na moja hadi mama yake alipotenga chakula.

Nikiri kwamba sikuwa nimewahi kuzungumza na binti yangu. Tulisalimiana, ndiyo. Alinipa shikamoo, nikaitikia marahaba, nikamuuliza habari za safari na za kazi, naye akajibu kwamba ni nzuri. Mengine yote yalipita kwa mama yake, kama ilivyo katika nyumba nyingi za kwetu, ambako binti mtu mzima haketi mbele ya baba yake kumweleza maisha yake. Na hata angeketi, nisingejua niyaweke wapi macho yangu. Barabarani tatizo hilo halikuwepo. Sote tulitazama mbele. Kulikuwa na kona, kulikuwa na taa, kulikuwa na lori la mtu mwingine la kulipita, na katikati ya hayo maneno yalitoka yenyewe.

Jioni moja, tukiwa kwenye barabara ndefu yenye mashamba ya ngano pande zote mbili, alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kunitajia kiasi cha mafuta, kwamba yeye na mumewe waliachana tangu masika yaliyopita. Mama yake alilijua jambo hilo. Mimi sikulijua. Nilishika usukani na kumuuliza kama alikuwa akimpiga. Akasema hapana, hakuwahi. Walichoka tu kuishi kwa zamu, mmoja akiingia nyumbani mwenzake anatoka kwenda kazini, mpaka wakawa kama watu wawili waliopanga chumba kimoja. Mguu wangu ulikuwa umezidi kukanyaga mafuta.

"Baba, punguza mwendo," akasema. "Mbele kuna kamera."

Nikapunguza. Tulipoipita kamera nilimwambia kwamba nyumba ya Tinde ina chumba chake, na kwamba sihitaji kupewa taarifa kabla hajaja. Akasema, "Asante, baba." Sikumbuki kama nimewahi kupewa asante nzito kuliko ile.

Tuliendelea hivyo kwa zaidi ya mwaka. Nilijua majina ya wasimamizi wake wa zamu, nilijua nani anasinzia kazini, nilijua kwamba aliogopa kurudi nyuma ukingoni mwa shimo mvua ikinyesha, jambo ambalo mama yake hakuambiwa kwa sababu asingelala.

Neno nyongeza alilileta yeye. Gemu ile huzungumza Kiingereza, na tangazo lilipotokea kwenye kioo nilimwomba anisaidie kulielewa.

"Kuna nyongeza inakuja," alisema. "Nchi mpya nzima, baba. Milima, theluji, na madaraja yanayopita juu ya bahari. Kuna daraja moja refu wanalisifu sana."

Nilifurahi kuliko alivyoweza kujua. Nilikuwa nimestaafu, mhuri niliurudisha ofisini, hakuna aliyenihitaji tena nikatae kitu. Hii ingekuwa nyongeza ya kwanza ambayo ningeipokea nikiwa na dhamiri safi. Nilimweleza mke wangu kwamba waliotengeneza gemu ile ni waungwana: wamelipwa bei yao yote, na bado wanamwongezea mteja. Akaendelea kuchambua mchele.

"Haya, Bwana Vipimo," akasema. "Umepata wa kukupa nyongeza ambayo hutairudisha."

Siku ilipofika, kompyuta ilianza kupakua sasisho, lile ambalo vijana huliita apdeti, na sasisho lile lilikula bando langu lote. Sikulalamika, mwenye kupokea mzigo hugharimia ubebaji wake. Jioni tulikutana mahali tulipopanga. Yeye alibeba trekta, mimi nilibeba mabomba, na tulikuwa na furaha ya watu wanaokwenda kuoa. Tulipofika mpakani lori lake lilipita. Langu lilikuta vizuizi vyekundu vimekatisha barabara kutoka ukingo hadi ukingo. Nilisimama. Nilidhani nimekosea njia, au nina upungufu wa hati.

"Baba, mbona umesimama? Umenunua?"

"Kununua nini?"

"Ile nyongeza."

"Mayu," nikamwambia, "nyongeza hainunuliwi."

Alicheka, akidhani natania. Aliposikia sicheki, naye aliacha. Akaeleza kwamba nchi ile inauzwa peke yake, kwamba yeye aliilipia mapema, na kwamba hata mimi angeninunulia dakika ile ile nikimruhusu. Nikamwambia hapana. Nikazima mashine mabomba yakiwa bado mgongoni mwa lori.

Ili kumbukumbu ziwe sawa, nieleze nilichokuwa nikikiona pale. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza nikipambana na lumbesa. Mnunuzi huja shambani, humlazimisha mkulima ajaze gunia mpaka mdomoni, kisha hushona kilemba juu yake na kulijaza tena, halafu hulipa bei ya gunia moja. Mkulima hulitazama gunia lake lenye nundu na hana la kusema, kwa sababu mnunuzi mwingine hayupo. Nimeona wazee wenye mvi wakishona nundu ile kwa mikono yao. Sasa nilikuwa nimekaa chumbani kwangu mbele ya lori lililosimama, na niliona ujanja ule ule umegeuzwa: badala ya mnunuzi kujiongezea juu ya gunia, muuzaji amepunguza ndani ya gunia, akalishona vizuri, kisha anakuja na kile alichokitoa akikiita nyongeza. Barabara niliiona. Ilipita chini ya vizuizi na kuendelea mlimani. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba lori la binti yangu nililiona upande wa pili, limepakwa rangi mpya na kutundikwa bendera kiooni, vitu ambavyo pia viliuzwa. Kama niliviona kwenye kioo changu, basi vilikuwa ndani ya mashine yangu, vililetwa kwa bando langu, ila vilikuwa vimefungwa.

Nilipanda basi hadi Shinyanga. Mwenye duka lililouza gemu ile ni mtoto wa Mhindi mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, ambaye mita yake ya mbao niliikagua miaka mingi. Baba yake amefariki. Kijana aliondoa vitambaa akaweka kompyuta na simu. Aliponiona mlangoni alisimama.

"Shikamoo mzee. Leo umekuja bila mawe yako?"

Nilimwambia mawe niliyaacha ofisini lakini macho bado ninayo. Akaagiza chai. Akanikumbusha kwamba marehemu baba yake aliniogopa mimi kuliko mtu wa kodi, na kwamba watoto wakilia alikuwa akiwatishia kwa cheo changu. Nilikunywa chai ile, kwa kuwa sasa ninaruhusiwa, kisha nikamweleza shauri langu lote, kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikiandika taarifa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Sifa hiyo nampa.

"Mzee, ukinunua shati kwangu, utadai na suruali?"

"Ukiniuzia shati lenye mifuko," nikamjibu, "kisha ukaniambia kufungua mfuko kuna bei yake, nitakufikisha mahakamani."

"Sawa. Na kama shati ulinunua zamani, ukalivaa, ukaridhika, halafu fundi akakaa chini kwa uzi wake akashona mfuko mwingine ambao haukuwepo? Huyo fundi ale nini?"

Nilisema kwamba basi fundi asiuite nyongeza. Akatabasamu akasema kwamba hawa hawajui Kiswahili, mzee, neno hilo tumelichagua wenyewe huku. Ilikuwa kweli, na ukweli ule ulinikasirisha. Niliondoka dukani nikiwa na msimamo wangu mzima mzima, na nilipofika Tinde nilimsimulia mke wangu kana kwamba nimeshinda.

"Kwa hiyo mtoto atakuwa upande ule na wewe upande huu?" aliuliza.

Nilimwambia kwamba ni suala la haki ya mteja.

"Sijauliza hilo," akasema.

Binti yangu hakugombana nami. Aliendelea kusafiri upande wa zamani pamoja nami kwa wiki kadhaa. Lakini barabara zile tulikuwa tumezimaliza. Tulijua kila kituo cha mafuta, na mtu anayejua njia hana sababu ya kumwambia mwenzake lolote kuhusu njia. Mazungumzo yakawa mafupi. Wenzake kazini, waliokuwa wameinunua nchi ile, walianza kumwita katika msafara wao, na jioni moja aliniomba ruhusa, kama mtoto, aingie nao kidogo halafu arudi. Nilimruhusu. Alirudi siku ile. Siku nyingine alichelewa, nyingine hakurudi. Kila tulipowasiliana aliuliza kama nimebadili msimamo, nami nikasema bado, naye akasema, "Haya, mzee wa vipimo," bila ubaya, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asimwamshe aliyelala.

Mara mbili alirudia kusema angeninunulia. Mara ya pili nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba mtu aliyepeleka wafanyabiashara mbele ya sheria kwa upungufu wa kijiko cha sukari hawezi kulipiwa na mwanawe ili aingie mahali kwa mlango wa dhuluma. Naona sasa kwamba sentensi ile ilikuwa ndefu mno kumwambia mtu aliyekuwa anataka tu kusafiri na baba yake.

Kisha ilikuja jioni ambayo nimeirudia kichwani mara nyingi. Nilikuwa nimesimamisha lori langu mpakani, mbele ya vizuizi, mahali nilipozoea kusimama kama mtu aliyefungua kesi na anangojea iitwe. Lori lake likatokea mlimani upande wa pili, likashuka, likaja kusimama uso kwa uso na langu. Akapiga honi, akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba. Nakuona."

"Mwadila, mayu. Na mimi nakuona."

Tulikaa hivyo injini zikiunguruma. Alinisimulia habari za theluji. Akasema lile daraja refu liko mbele kidogo tu. Kisha nilisikia akivuta pumzi kama mtu anayetaka kuinua kitu.

"Baba, mtu akipata kazi mbali, mbali kabisa, nje ya nchi, wewe ungemwambia nini?"

Nilidhani anazungumzia mwenzake. Pengine hata sikudhani. Nilikuwa natazama vizuizi. Nilimwambia kwamba mtu huyo ausome mkataba wote kabla ya kutia sahihi, hasa vipengele vya ziada, kwa kuwa siku hizi kila kitu huuzwa nusu halafu nusu ya pili huitwa nyongeza. Niliendelea kwa muda. Nilitaja lumbesa. Nilikuwa na hoja nzuri jioni ile, moja ikifuata nyingine, na hakuna hata moja niliyoulizwa.

Alinisubiri nimalize, kisha akasema, "Sawa, baba." Akawasha taa, akageuza lori katika eneo lile jembamba kwa ustadi ambao ningejivunia siku nyingine yoyote, akapanda mlima.

Habari nilizipata kwa mama yake, uani, akianika mboga. Binti yetu alikuwa amepata mkataba katika mgodi wa nchi moja ya Afrika Magharibi, wenye mshahara mzuri na likizo chache, na alikuwa ameshakubali. Niliuliza kwa nini mimi ni wa mwisho kujua. Mke wangu aliacha mboga akanitazama.

"Anasema alikuambia."

"Aliniambia lini?"

"Mlipokuwa barabarani."

Sidhani kama ningemzuia. Nimejiuliza kwa haki, na jibu ni kwamba nisingemzuia. Ni kazi halali, yenye mkataba, na yeye ni mtu mzima. Lakini hakuwa akiomba ruhusa. Alikuwa akiuliza ningemwambia nini, na yapo mambo ambayo ningemwambia. Ningemwambia kwamba bibi yake, mwenye jina lake, alihama kwao kwa miguu akiwa na mimba yangu na hakuwahi kujutia. Ningemuuliza kama bado anaogopa ukingo wa shimo mvua ikinyesha, na kama huko mvua ni nyingi. Tulimsindikiza hadi Mwanza kupanda ndege. Pale uwanjani, watu wakipita pande zote, alinipa shikamoo nami nikaitikia marahaba, nikamtakia safari njema, na macho yangu hayakujua pa kukaa.

Baada ya siku chache nilipanda basi kwenda kwa yule kijana wa Shinyanga nikamwomba aninunulie nchi ile. Alifanya kila kitu kwa simu yake, akakataa kuchukua chochote kwa kazi yake, na hakutamka mzaha hata mmoja. Ningependelea angenitania.

Nilivuka. Lazima niandike nilichokikuta, kwa sababu sikuwa mtu wa kuandika nusu ya ukaguzi. Kipimo kilikuwa kamili. Barabara zilikuwa nyingi na zimetengenezwa kwa uangalifu. Kona za milimani zilikuwa na mitelemko yake sahihi, vijiji vilikuwa na maghala, na kwenye ghala moja mtu alikuwa amechora hata mlango uliovunjika bawaba. Mtu aliketi akaufikiria mlango ule. Alistahili kulipwa. Kwa upande wa nchi yenyewe, basi, sikupunjwa, na kijana wa duka alikuwa sahihi kuhusu fundi na uzi wake. Kwa rangi na bendera siwasamehe wauzaji. Hizo zilikuwa tayari ndani ya mashine yangu, na kuzifunga ili kuziuza ni mfuko ule ule wa shati nilioukataa.

Na lipo jambo jingine ambalo sikulifikisha dukani, kwa sababu wakati ule sikuwa nimelielewa. Nchi ile isingekuwa na bei kubwa kwangu kama binti yangu asingekuwa ndani yake. Nilikuwa na barabara za kutosha. Wanaouza wanajua kwamba mtu ataweza kukataa barabara, lakini atakapomwona wa kwake amepita na yeye amebaki, atalipa. Wameweka kizuizi chao mahali pale hasa. Huo ndio unyonyaji ninaoulalamikia, na hauna jiwe la kuupima. Mimi niliuona, niliushitaki kwa jina lisilo lake, na katika kushitaki nilimwacha mtoto upande wa pili akiwa amewasha taa.

Daraja nililifikia jioni. Ni refu kweli, linapinda juu ya bahari, na katikati yake huoni nchi kavu mbele wala nyuma. Nililivuka polepole.

Wiki iliyofuata binti yangu alipiga simu ya picha kwa mama yake, na baada yao kumaliza habari zao nilipewa simu. Uso wake ulijaa kwenye kioo. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa bati na feni. Tulisalimiana. Aliniuliza habari za Tinde, nikasema ni nzuri; nikamuuliza habari za kazi, akasema ni nzuri. Tukatazamana.

"Nimevuka, mayu," nikasema.

"Umevuka wapi, baba?"

Nilipomweleza alisema kwamba mashine yake aliigawa kwa mwenzake wa Geita kabla ya kusafiri. Kambini kwao mtandao hautoshi kwa mambo kama yale. Aliuliza kama nimefika kwenye daraja. Nikasema nimefika na nimelivuka.

"Mimi sikulivuka," akasema. "Nilikuwa nafika pale mwanzoni, nageuza. Nilisema nitakusubiri."

Nilimuuliza kama angependa nimweleze lilivyo. Aliangalia pembeni, nje ya kioo, mahali ambapo labda palikuwa na dirisha.

"Hapana, baba. Usinieleze. Nipe mama tena."

Nilimpa mama yake simu. Waliendelea kuzungumza muda mrefu uani, na kutoka pale nilipokuwa nimekaa nilisikia sauti yake vizuri, ila maneno hayakunifikia.